Seipone Ahama Kabati

Wapo wanaohama nyumba, wapo wanaohama kanisa. Binamu yangu Seipone alihama kabati, na Pasaka nzima ukoo wetu haukupata usingizi wa maana.

Nianze kwa kumsema vizuri, kwa sababu mbele kidogo nitamcheka. Seipone ni mtoto wa kwanza wa marehemu shangazi yangu, dada yake baba. Ana kiduka cha fotokopi na uchapaji hapa Tonota, mlango wa buluu, pembeni ya duka la mikate. Lakini kilichompa jina kijijini si karatasi. Siku hizi kila kitu kinataka nywila. Umeme unataka, pensheni inataka, matokeo ya shule yanataka, na hata ng'ombe wanataka. Ndiyo, ng'ombe. Kwetu ng'ombe ana namba yake kwenye mtandao wa serikali, na ukitaka kumtoa zizi hili umpeleke zizi lile, sharti uingie humo uombe kibali. Bila kibali, askari wa kizuizi cha barabarani watakugeuza wewe na lori lako mrudi mlikotoka.

Sasa waambie wazee wetu wakariri nywila. Bibi mmoja wa mtaa wetu aliweka jina la mchungaji wake, na mchungaji alipohamishwa bibi akaona aibu kulitaja tena. Mimi mwenyewe, sitaki kuwaficha, natumia jina la mbwa wangu kila mahali, na mbwa alishakufa. Basi watu wote wakawa wanamwendea Seipone. Yeye alizitunza nywila za nusu ya ukoo ndani ya programu moja kwenye simu yake, akiiita kabati. Kabati lina ufunguo mmoja mkuu. Ukishafungua kwa huo, nywila nyingine zote zimekaa ndani zimepangwa vizuri, kila moja ndefu na mbaya kiasi kwamba hata shetani hawezi kuikisia.

"Gape," alikuwa akiniambia, "siku watakapokuibia, usije kulia dukani kwangu."

"Waibe nini? Jina la mbwa?"

Gape ndiye mimi. Jina langu kamili ni Mosetsanagape, maana yake "msichana tena", na hapo mmeshamjua baba yangu alivyozipokea habari za kuzaliwa kwangu. Huyo baba, Rre Bagwasi, yaani Bwana Bagwasi, ndiye mjomba wa Seipone, na mtakutana naye sasa hivi. Mjiandae.

Shangazi alifariki wakati mdogo wake Seipone, Moagi, bado anavaa kaptula ya shule ya msingi. Baba yao alikuwa ametangulia zamani. Seipone akamlea Moagi peke yake. Alimpikia, alimchapa, alimlipia, alikaa naye usiku wa mtihani wakila karanga. Ng'ombe wachache walioachwa na shangazi waliandikwa kwa jina la Seipone, na hakuuza hata mmoja, hata miaka ile ya ukame tulipokuwa tunamcheka kwamba analisha mifupa. Alikuwa na jibu moja tu. Mama yake kitandani alimwambia, "Moagi asiende kwa watu mikono mitupu." Akimaliza kusema hivyo hutampata tena, hata ubishe mpaka jioni.

Mwaka huu Moagi akapata mchumba, Tebatso wa Serule, msichana mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabara kuu. Wazee wakakaa, wakakubaliana. Mahari ya ng'ombe yafike Serule Jumatatu ya Pasaka, alfajiri, kabla jua halijatoka. Kwetu ng'ombe wa mahari huingia zizini gizagiza. Jua likikukuta njiani umechelewa, na aliyechelewa na mahari atasimuliwa mpaka wajukuu wazeeke.

Wiki chache kabla ya hapo, kabati la zamani likamtumia Seipone ujumbe. Lilisema kwamba kuanzia mwezi ujao, mambo yaliyokuwa ya bure yatalipiwa. Alikasirika kana kwamba ametukanwa na mtu anayemfahamu.

"Miaka yote nimekaa nao. Leo wananiambia dirisha linalipiwa!"

Akaanza kutafuta kabati jingine. Msimwone mchezo. Aliyachunguza makabati mapya kuliko nilivyomchunguza mume wangu, na pengine hapo ndipo nilipokosea. Aliuliza nani anayemiliki, nywila zinalala wapi, wakifilisika itakuwaje. Alilijaribu moja, akalikataa kwa sababu lilikuwa linamsalimia kwa jina kila asubuhi. "Sipendi kuzoewa," akasema. Mwisho akapata moja la kimya, la bure, lisilo na maneno mengi, akaamua hilo ndilo.

Siku ya kuhama alifunga duka mchana kweupe. Nilikuwepo. Kuhama kabati si mchezo, maana kwa dakika chache nywila zote hutoka nje na kukaa kwenye ukurasa mmoja, wazi kabisa, yeyote anaweza kuzisoma. Seipone alivuta pazia. Akazima hata redio. Akazitoa huku, akazimimina kule, akazikagua moja baada ya nyingine huku midomo ikicheza bila sauti. Kisha akaufuta ule ukurasa, akaenda pipa la takataka la kompyuta akalimwaga nalo. Halafu akarudi kwenye kabati la zamani akalifunga moja kwa moja, jina lake likafutwa humo asibaki hata unyayo.

"Lingebaki kidogo," nikamwambia. "Huwezi kujua."

"Mtu mstaarabu hahami akaacha mlango wazi nyuma yake."

Na hapo akacheza. Alicheza nyuma ya mashine ya fotokopi, mikono juu, akizungusha kiuno kile ambacho Mungu hakukifanyia ubahili. Wateja waliokuwa wakisubiri nje walichungulia kwenye upenyo wa pazia, na kabla ya jioni Tonota ilikuwa imeshatangaziwa kwamba Seipone amepata mwanamume.

Kabati jipya lilimtaka mambo mawili. La kwanza, ufunguo mkuu mpya. Akatunga wa maneno matano yasiyojuana, kama wataalamu wanavyoshauri, na hakuyaandika popote, maana yeye ndiye aliyekuwa akituhubiria tusiandike. Kisha akasajili alama za vidole, gumba na shahada, mikono yote miwili, na tangu siku hiyo akawa anafungua kwa kidole tu.

La pili, liliuliza jina la mtu wa kuaminika. Yaani mwenye kabati akipata la kumpata, ni nani anayeweza kuomba afunguliwe? Seipone hakufikiri mara mbili. Alinunua majani ya chai na sukari, akafunga kitambaa kichwani, akaenda kwa mjomba wake. Kwetu jambo kubwa haliendi bila mjomba. Baba alisikiliza hotuba nzima akiwa amefumba macho, kisha akafungua moja.

"Kwa hiyo umeniletea mimi."

"Nimekuletea wewe, Mjomba."

"Sio mashangazi zako wa upande wa pili?"

"Wewe, Mjomba."

Akatoa simu mfukoni, nikamwonyesha pa kubonyeza, akabonyeza amekubali. Wiki nzima alitembea akiwaambia wenzake kwamba ana cheo kwenye mtandao.

Ijumaa Kuu tukaenda kuokota phane. Mwaka huu miti ya mopane ilikuwa imejaa viwavi hao mpaka matawi yanainama, na arusi haiwezi kupikwa Tonota bila phane mezani. Phane anaokotwa, halafu anakamuliwa. Unambana kwa gumba na shahada, matumbo yanatoka. Lakini mgongoni ana miiba midogo myeusi, na miiba hiyo haina huruma. Ndiyo maana wenye akili huvaa glavu.

"Seipone, vaa glavu."

"Phane ya glavu haina ladha. Mama hakuvaa."

"Mama yako hakuwa na simu ya kidole."

Hapana, hilo sikulisema. Natamani ningelisema. Nilichosema ni, "Haya, shauri yako," nikaendelea kukamua na glavu zangu za njano. Tulikamua mpaka jua linashuka, tukiimba, tukiwasema watu wa Serule ambao bado hatujawafahamu vizuri. Ilikuwa siku tamu. Kama kuna paradiso, nadhani kuna kona ya wanawake waliokaa chini ya kivuli wana ndoo za phane na habari za watu.

Jioni tukarudi kwake. Moagi akaja amekunja mikono ya shati, anatabasamu peke yake kama walivyo wanaume wanaokaribia kuoa.

"Dada, lori limepatikana. Jumapili mchana tunapakia. Tutawalaza kwa rafiki yangu karibu na Serule, alfajiri tunawaswaga kwa miguu. Niombee kibali tu."

Usiku hairuhusiwi kusafirisha ng'ombe, ndiyo sababu ya mpango huo. Seipone akanawa, akakausha mikono, akaweka gumba kwenye simu. Simu ikakataa. Akaweka shahada. Ikakataa. Akavitazama vidole vyake. Vilikuwa vimechanwachanwa, vyekundu, vimevimba, hakuna alama ya kusomwa na yeyote. Kabati likasema kwa upole: tafadhali weka ufunguo mkuu.

Nikamwona anakaa chini polepole.

"Gape," akasema. "Kuna mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Kwenye ufunguo. Neno moja ni mbuzi. Jingine nadhani ni... jua? Au mwezi. Kitu cha angani."

Hapo ndipo tulipoanza kuhangaika. Mimi, Moagi, na Seipone mwenyewe, tumemzunguka mbuzi. Mbuzi jua ngazi. Jua mbuzi kijiko. Moagi akapendekeza "mbuzi mwezi" halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akatoka nje, akarudi amenyamaza, maana alikuwa ameelewa. Kabati nalo likachoka na sisi. Kila tukikosea lilitusubirisha zaidi kabla ya kutujaribisha tena. La zamani lilikuwa limefutwa, hakuna pa kurudi. Kwenye mtandao wa ng'ombe, aliyesahau nywila sharti aende ofisini na kitambulisho, na ofisi zimefungwa mpaka Jumanne baada ya Pasaka.

"Tuwaombe wa Serule wasogeze siku," Moagi akasema, sauti imepungua.

"Wameshachinja. Wameshapika pombe." Seipone hakuinua macho. "Mama alisema nini, Moagi? Alisema jambo moja tu. Moja! Na mimi nimelifungia ndani."

Akalia. Sikuwahi kumwona akilia tangu msiba wa shangazi, na sikupenda hata kidogo. Nilimpiga begani, nikamwambia anyamaze, kisha nikakumbuka.

"We mjinga," nikasema. "Si una mtu wa kuaminika?"

Akainua uso. Kweli! Baba akibonyeza kuomba, na mwenye kabati asipokataa, mlango unafunguka baada ya siku nzima, usiku na mchana. Hata akibonyeza Jumamosi asubuhi, Jumapili asubuhi kibali kinaombwa, mchana ng'ombe wanapakiwa. Moagi alininyanyua juu, na mimi si mwepesi.

Tukaenda kwa baba mbio. Tukamkuta anakula uji wa mtama. Nikamweleza yote bila kupumua, nikamnyooshea mkono anipe simu. Hakunipa. Alimaliza uji. Akajifuta.

"Nimeelewa," akasema. "Jibu ni hapana."

"Baba!"

"Nyamaza. Mimi, Bagwasi, nimwombe mpwa wangu vitu vya ndani ya nyumba yake, tena kwa kidole? Nimekaa kwenye mkeka wangu natafuna, nabonyeza, naingia? Huyo si mwombaji, huyo ni mwizi mvivu."

"Mjomba," Seipone akasema, "mwenye nyumba ndiye ninayekuomba uombe."

"Hilo ndilo baya zaidi. Mpwa huomba kwa mjomba. Tangu lini mjomba akaomba kwa mpwa? Chombo chenu kimegeuza dunia miguu juu."

Nilitaka kumwibia ile simu, nasema ukweli wa Mungu. Najua anakoiweka, chini ya mto. Nilimnong'oneza Seipone nje ya mlango. Akanitazama na macho yake yaliyovimba.

"Hapana, Gape. Nilimpa heshima mwenyewe, kwa mikono yangu. Siwezi kuja kumwibia."

Ubishi wa familia hii ni ugonjwa, na wote wanao isipokuwa mimi.

Nilirudi ndani peke yangu. Nikakaa karibu na baba, nikabadilisha sauti, ile sauti ninayotumia nikitaka aninunulie kitu.

"Baba, ukibonyeza, huingii."

"Si umesema naingia?"

"Huingii. Unabisha hodi. Halafu unakaa nje unasubiri, siku nzima. Mwenye nyumba anapelekewa habari kwamba Bagwasi yuko mlangoni. Akitaka anakukataa na unarudi kwako. Akinyamaza, ndiyo amekubali."

Baba akageuka kunitazama kama mtu aliyesikia jina la rafiki yake wa zamani.

"Anasubirishwa?"

"Anasubirishwa, baba."

"Hata akiwa mzee?"

"Hata akiwa chifu."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Basi aliyetengeneza chombo hiki alilelewa na wazee. Mbona hamkusema? Sisi tulipokwenda kumposa mama yako tulikaa nje ya ua mpaka miguu ikafa ganzi." Akasimama. "Lakini sibonyezi nimevaa fulana. Kesho asubuhi. Na mashahidi."

Jumamosi, jua limeshapanda, baba alikuja na wazee watatu nyumbani kwa Seipone, nje ya lango. Wote wamevaa koti, kama mila ya posa inavyotaka, hata yule mmoja ambaye koti lake ni la mvua. Wakaketi kwenye viti vya kukunja. Baba akavua kofia. Seipone alisimama ndani ya ua na shali mabegani, na mimi nikawa mjumbe wa kati, nikienda na kurudi hatua chache, kwa sababu hawaruhusiwi kusemezana moja kwa moja. Nilijiona mpumbavu na nilifurahi sana.

"Waambie wa nyumba hii," baba akasema kwa sauti ambayo Seipone aliisikia vizuri kabisa, "kwamba tumekuja kuomba kibuyu cha maji."

Hivyo ndivyo tunavyosema tukienda kuposa. Nikageuka.

"Wanasema wamekuja kuomba kibuyu cha maji."

Seipone aliuma mdomo asicheke. "Waambie tumesikia. Tutawajibu."

"Wanasema mtajibiwa."

Wazee wakatikisa vichwa wameridhika. Baba akatoa simu, akaishika kwa mikono miwili, akabonyeza kwa kidole chake kinene, kisha akaionyesha kwa kila shahidi kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

Sasa kukaanza kusubiri, na kusubiri huko kulikuwa na kichekesho chake. Habari za ombi zilimfikia Seipone kwenye simu, pamoja na kitufe chekundu kikubwa: Kataa. Kukubali papo hapo kulitaka kabati lifunguliwe kwanza, kwa hiyo hakuweza. Lakini kukataa kulitaka kuguswa tu, na kidole chochote kilitosha, hata kilichochanika. Akaogopa simu yake mwenyewe. Aliifunika na bakuli, akaweka bakuli juu ya kabati, lile la mbao, akamkataza kila mtu kuingia chumbani. Moagi alilala mlangoni pale kama askari.

Na baba? Baba alikataa kuingia ndani kula. Kila Jumapili ya Mungu baba hula kwa Seipone. Jumapili hii alikaa langoni na koti lake, mikono juu ya fimbo.

"Mjomba, nyama imeiva," Seipone akamwita.

"Mwombaji hali kwa anayeombwa kabla hajajibiwa."

"Nyama ya seswaa, Mjomba. Imepondwa ikalainika."

"Usinijaribu, mpwa wangu."

Lori lilikuwa limeshafika, dereva anapiga honi, ng'ombe wako tayari zizini. Tulikuwa tukiangalia saa na kujifanya hatuangalii. Kisha simu ikalia mfukoni mwa baba. Aliitoa, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa kunong'ona, halafu akapaza sauti mpaka kuku wakatawanyika.

"Tumejibiwa! Wamekubali! Leteni ile nyama!"

Nilikaa kando yake pale langoni, yeye ana bakuli magotini, mimi nashika simu. Kabati zima la Seipone lilikuwa wazi mbele yetu. Nikalipitia nikitafuta ng'ombe. Pensheni ya yule bibi aliyetumia jina la mchungaji. Ada ya chuo ya Moagi. Kliniki ya Mjomba, sukari. Pensheni ya Mjomba. Maji ya Mjomba. Baba aliacha kutafuna.

"Hayo ni yangu?"

"Ni yako, baba."

"Nilidhani maji yanakuja tu."

Nikaingia kwenye mtandao wa ng'ombe, nikaomba kibali, kikatoka. Baba akataka kukisoma mwenyewe. Alikisoma chote, taratibu, na nilimwona anarudia mstari mmoja. Mwenye ng'ombe: Seipone, na jina la baba yake. Mjomba, ambaye ndiye angesimama mbele ya wakwe na kuwatangaza ng'ombe kwa kinywa chake, hakutajwa popote. Nilingoja alalamike. Alinirudishia simu, akamaliza nyama yake.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alikitazama kibali, akawahesabu ng'ombe, akatutakia arusi njema. Ni hivyo tu. Seipone alishika mkono wangu kwenye kiti cha lori na vidole vyake vilivyofungwa plasta, akaushika mpaka Serule.

Jumatatu alfajiri kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Ng'ombe waliingia zizini mwa kina Tebatso nyota zikiwa bado angani, wakipumua moshi, na wanaume wa pande zote mbili wakaingia nyuma yao. Sisi wanawake tulibaki nje ya miti ya zizi na shali zetu, kama ilivyo. Ng'ombe wa mahari ni shughuli ya wanaume. Seipone alikuwa kando yangu, anasimama kwa ncha za vidole vya miguu ili aone.

Mjomba wa bibi arusi, mzee mrefu mwenye kikohozi, akawazunguka ng'ombe wote. Akamgusa huyu mgongo, yule pembe. Kisha akasimama mbele ya baba.

"Ng'ombe hawa ni wa nani?"

Swali hilo lina jibu lake, na jibu huwa la mjomba. Baba amelifanyia mazoezi maisha yake yote. Alivua kofia. Halafu akageuka, akatazama nje ya zizi, upande wetu.

"Mwenye ng'ombe yuko kule nje, anatetemeka," akasema. "Mpwa wangu, njoo ndani."

Mzee mmoja wa Serule akaanza kusema kwamba mwanamke hawezi, na baba hakumtazama hata kidogo. Yule mjomba mrefu alimtazama baba, akawatazama ng'ombe waliokuwa wanono na watulivu, akakohoa.

"Basi aingie," akasema, "baridi itatuua sisi sote."

Nilimsukuma. Alikwenda na viatu vyake vya kanisani juu ya samadi, shali imeteleza bega moja, akasimama katikati ya ng'ombe aliokataa kuwauza. Mzee akamuuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, ni wa nani. Seipone akaweka vidole vyake vyenye plasta mgongoni mwa ng'ombe wa karibu.

"Ni wa mama yangu," akasema. "Amewaleta kwa ajili ya mtoto wake."

Nikapiga kigelegele, na wanawake wa Serule wakakipokea, cha Tebatso kikiwa juu ya vyote. Moagi alikuwa ameambiwa akae nyuma ya lori asionekane mpaka aitwe. Alikuja mbio, akapita katikati ya ng'ombe na wakwe zake, akamkumbatia dada yake, na hakuna mzee aliyemwambia arudi.